Fimbo Ndani ya Uti wa Mgongo

Beetle la zamani halizeeki kwa usawa. Injini hufunguliwa na kufungwa, bodi hupigwa rangi, viti hushonwa upya, hadi mwenye gari akuapie kwamba limezaliwa mara ya pili. Wewe shika gia tu. Kama mkono wa gia unacheza kama mwiko kwenye uji mwepesi, kama unatafuta namba mbili unaangukia rivasi, na kama kila tuta linajibiwa na mlio wa chuma chini ya sakafu, basi umri wa gari umeshaupata, na hakuna rangi ya kuuficha.

Gia za gari hili ziko mbali na mkono wako. Katika magari mengi ya enzi zake injini ilikaa mbele, giaboksi ikafuata nyuma yake, na mkono wa gia ukachomekwa moja kwa moja juu ya giaboksi. Dereva alikuwa kama mtu anayekoroga chungu kilichopo mbele yake. Ferdinand Porsche na wenzake waliweka injini nyuma, giaboksi ikaenda nayo, dereva akabaki mbele. Kati ya kiganja chake na gia kukawa na umbali unaozidi mita moja. Umbali huo uliunganishwa kwa fimbo nyembamba ya chuma inayopita ndani ya bomba lililolala katikati ya sakafu, kutoka mbele hadi nyuma.

Bomba hilo ndilo uti wa mgongo wa gari. Beetle halina chesisi ya mihimili miwili kama lori. Lina bomba moja la katikati, na bati za sakafu zimeungwa kushoto na kulia kwake kama mbavu. Mbele limeshika magurudumu ya mbele, na nyuma limegawanyika kama panda ya manati. Kwenye panda hiyo ndipo inapokaa giaboksi, nayo injini inaning'inia nyuma yake. Ndani ya bomba mnapita waya wa klachi, waya wa mafuta, nyaya za breki ya mkono, hata paipu ya petroli. Na katikati ya msongamano huo inapita fimbo ya gia.

Wanaoandika historia ya gari hili hupenda kuanzia kwenye injini yake isiyo na rejeta, au kwenye umbo lake la mviringo. Mimi naona historia yake imejificha zaidi ndani ya bomba hilo, na mlango wa kuingilia ni tundu la mkono wa gia.

Gari tulilofungua ni la mwaka 1969, injini ya 1300, usukani kulia. Tulilifungua hapa Arusha, mimi na fundi mmoja anayenizidi karibu miaka thelathini. Kazi yenyewe si kubwa. Fundi mwenye haraka huimaliza kabla ya chai ya saa nne. Sisi ilituchukua siku mbili, kwa sababu kila kipande kilichotoka nilitaka kukijua ukoo wake, na mzee yule aliona ni afadhali anijibu kuliko kunifukuza gereji.

Unaanza kwa kuinua zulia na mpira wa vumbi. Chini yake kuna kibao cha chuma kilichofungwa kwa bolti mbili, spana namba 13. Kabla ya kuzilegeza, fundi alichora mstari kwa msumari kuzunguka kibao, ili baadaye tujue kilipokuwa. Bolti zikatoka, mkono wa gia ukainuka, na nyuma yake ikaja springi, kisha bamba dogo lenye ukingo uliokunjwa juu. Bamba hilo ndilo mlinzi wa rivasi. Kwenye Beetle huendi rivasi hivihivi: lazima uukandamize mkono wa gia chini kwanza, kisha uusukume kushoto, kisha uuvute nyuma. Kukandamiza kule kunaivusha ncha ya mkono wa gia chini ya ukingo wa bamba. Ukingo ukilika, mlinzi amelala. Hapo ndipo dereva anayetafuta namba mbili kwenye mlima anapojikuta anagusa meno ya rivasi, na gari zima linapiga kelele.

Bamba letu lilikuwa limelika upande mmoja kama kisu cha mchinjaji. Kikombe cha chuma kinachopokea ncha ya mkono wa gia kilikuwa kimejaa kitu cheusi, kizito, ambacho zamani kilikuwa grisi. Tulikikwangua kwa bisibisi, tukakisugua kwa brashi na petroli. Kilitoa vumbi jekundu, jeusi, na chini kabisa la kijivu, tabaka kwa tabaka. Mzee alisema jekundu ni la Singida. Sijui alijuaje, lakini sikubishana naye.

Kisha tukamulika tochi ndani ya tundu kutafuta bushi. Fimbo ya gia inashikiliwa na pete ndogo ya plastiki iliyokaa kwenye tundu la kishikizo ndani ya bomba, na pete hiyo imefungwa kwa mviringo wa waya mwembamba. Ndiyo bushi ya gia, kitu unachoweza kukifumbata kiganjani kisionekane. Ikiisha, fimbo inagonga chuma, na huo ndio mlio wa kwenye matuta. Kwetu hapakuwa na bushi ya plastiki. Palikuwa na kipande cha mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani, kilichopasuliwa kwa urefu, kikazungushwa kwenye fimbo na kukazwa kwa waya wa shaba wa umeme. Kazi safi. Aliyeifanya alikuwa na vidole vyembamba na subira kubwa, maana nafasi ya kufanyia kazi mle ndani ni tundu la upana wa kikombe cha chai.

Mzee alikiangalia kile kipande kwa muda mrefu, kisha akakiweka juu ya gazeti pembeni, wala hakukitupa. "Huyu alikuwa fundi," akasema. Hayupo anayelijua jina lake.

Ukiuliza bomba la katikati lilianzia wapi, utajibiwa kwa majina mengi. Mwaka 1923 kampuni ya Tatra ya Czechoslovakia ilitoa gari lake la modeli ya 11, lililobuniwa na mhandisi Hans Ledwinka. Uti wake wa mgongo ulikuwa bomba moja la chuma, na kila gurudumu la nyuma lilipanda na kushuka peke yake bila kulisumbua la pili. Kwa barabara mbovu za Ulaya ya kati lilikuwa jibu la akili sana. Miaka michache baadaye, kijana aitwaye Béla Barényi, akiwa bado mwanafunzi Vienna, alichora gari la watu wa kawaida lenye injini nyuma. Na kule Ujerumani kulikuwa na Josef Ganz.

Ganz anastahili zaidi ya sentensi moja. Alizaliwa Budapest mwaka 1898 katika familia ya Kiyahudi, akasomea uhandisi, kisha akawa mhariri wa jarida la Motor-Kritik. Humo aliwashambulia watengenezaji wa magari wa Ujerumani bila huruma: magari yenu ni mazito, ni ghali, yamepitwa na wakati. Alitaka gari jepesi lenye bomba katikati, magurudumu yanayojitegemea na injini nyuma. Hakuishia kuandika. Mwaka 1931 alitengeneza gari la majaribio kwa ajili ya kampuni ya Adler, likaitwa Maikäfer, jina la mdudu anayeonekana Ujerumani mwezi Mei, wa jamii ya mbawakawa. Jina la mdudu lilikuwepo, basi, kabla ya Beetle lenyewe. Mawazo yake yakaingia kwenye gari dogo liitwalo Standard Superior, lililooneshwa kwenye maonyesho ya magari ya Berlin mwezi Februari 1933. Maonyesho hayo yalifunguliwa na kansela mpya, aliyekuwa madarakani kwa majuma mawili hivi. Aliitwa Adolf Hitler.

Mwezi Mei mwaka huohuo Ganz alikamatwa. Aliachiwa, lakini kazi yake ya uhariri ilikuwa imekwisha, na mwaka 1934 akaikimbia nchi. Mwezi Juni mwaka huohuo wa 1934 Porsche alipewa mkataba wa kubuni gari la taifa la bei nafuu.

Sisemi kwamba Porsche alikuwa mwizi mtupu. Alikuwa mhandisi mkubwa, na kabla ya mkataba ule alikuwa ameshabuni magari madogo yenye injini nyuma kwa ajili ya kampuni za Zündapp na NSU. Mawazo yale yalikuwa hewani miaka ile, kila mtu akivuta pumzi yake. Lakini si kila mtu aliachwa aendelee kupumua. Ganz aliishia Australia, na Ledwinka, baada ya vita, alifungwa miaka kadhaa nchini Czechoslovakia kwa tuhuma za kushirikiana na Wajerumani. Tatra walidai haki zao za ubunifu, na katika miaka ya 1960 Volkswagen ikawalipa. Ledwinka na Ganz walifariki mwaka mmoja, 1967, mmoja Munich na mwingine Melbourne, wakati Beetle zikitoka kiwandani kwa mamilioni.

Haya nilimsimulia mzee tukiwa tumehamia kiti cha nyuma. Chini ya kiti hicho, juu ya bomba, kuna kifuniko kidogo. Ukikitoa unaiona kapulingi, kiungo kinachokutanisha fimbo ya gia na giaboksi. Ina mpira ndani yake wa kumeza mtikisiko. Bila mpira ule, kila tetemeko la injini lingefika kwenye kiganja cha dereva. Wa kwetu ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Kapulingi imefungwa kwenye fimbo kwa skrubu yenye kichwa cha pembe nne, na kichwa hicho kina tundu la kupitishia waya, ili skrubu isijifungue yenyewe njiani. Mzee alikata waya wa zamani kwa koleo. "Huu haukufungwa na yule wa mpira wa maji," akasema. "Huyu alisokota kushoto."

Kiwanda ambacho Beetle lilitoka kilizinduliwa tarehe 26 Mei 1938, Hitler mwenyewe akiweka jiwe la msingi, karibu na mji mdogo wa Fallersleben. Gari lilipewa jina la KdF-Wagen, kifupisho cha kaulimbiu iliyomaanisha nguvu kupitia furaha. Wananchi waliambiwa wanunue stempu za marki 5 kila wiki na kuzibandika kwenye kadi, na gari lingegharimu marki 990. Zaidi ya watu 300,000 walibandika stempu. Hakuna hata mmoja aliyepewa gari kwa mpango huo. Vita vilianza, na kiwanda kikageukia magari ya jeshi na silaha.

Waliofanya kazi humo wakati wa vita ndio ninaowafikiria ninapoingiza mkono ndani ya bomba. Karibu watu 20,000 walifanyishwa kazi kwa lazima katika kiwanda kile katika miaka ya vita: Wapoland, watu wa Umoja wa Kisovyeti, mateka wa kivita, wafungwa kutoka kambi za mateso. Wanawake wa Kipoland na wa Kisovyeti waliojifungua walinyang'anywa watoto wao, wakapelekwa kwenye nyumba ya watoto wachanga iliyokuwa chini ya kiwanda, ambayo baadaye ilihamishiwa kijiji cha Rühen. Zaidi ya watoto 300 walikufa humo kwa uchafu, magonjwa na kutotunzwa. Daktari wa kiwanda, Hans Körbel, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Waingereza, akanyongwa mwaka 1947.

Gari letu lilitoka kiwandani miaka 24 baada ya vita. Hakuna mfungwa aliyeligusa, na nisingependa kuandika kana kwamba chuma kina dhambi. Ila bomba ni lilelile, na namna ya kulipitisha fimbo ya gia ni ileile. Mchoro ulivuka vita salama kuliko watu.

Na uliokolewa na Waingereza. Mwaka 1945 eneo lile liliangukia mikononi mwa jeshi lao, na meja mmoja mhandisi, Ivan Hirst, akakabidhiwa kiwanda kilichopigwa mabomu. Alisafisha, akaziba matundu, akalishawishi jeshi lake liagize magari. Agizo lilikuwa la magari 20,000. Mji ukapewa jina jipya, Wolfsburg. Mwaka 1948 kiwanda kikakabidhiwa kwa Heinrich Nordhoff, na mauzo ya nje yakaanza kwa nguvu.

Hapo naomba turudi kidogo kwenye gia, maana ndizo zilizoamua nani angeweza kuliendesha gari hili. Giaboksi ya kwanza ya Beetle ilikuwa na gia nne zisizo na sinkromeshi, yaani kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa meno kabla hayajaumana. Kifaa hicho hakikuwa kipya, kwani Cadillac walikuwa nacho kwenye magari yao ya mwaka 1929. Kwenye gari la bei nafuu kilionekana ni anasa. Dereva wa Beetle la mwanzo alipotaka kushuka gia ilibidi akanyage klachi, atoe gia, aachie klachi, apige mafuta kidogo, akanyage klachi tena, ndipo aingize. Sikio lilifanya kazi ambayo baadaye ilikuja kufanywa na pete ya shaba nyeupe au ya manjano ndani ya giaboksi. Mwezi Oktoba 1952 magari ya kuuzwa nje yalipewa sinkromeshi kwenye gia ya pili, ya tatu na ya nne. Namba moja ilisubiri hadi mwaka 1960.

Mzee alijifunzia udereva kwenye lori lisilo na sinkromeshi, na hadi leo hukanyaga klachi mara mbili hata kwenye gari lisilohitaji. Nilimuuliza kwa nini. Alijibu kwamba mguu wake haujaambiwa kuwa mambo yamebadilika.

Mwaka uliofuata sinkromeshi ile, yaani 1953, ndipo Beetle lilipojitambulisha Afrika Mashariki kwa kishindo. Mwishoni mwa Mei yaliandaliwa mashindano ya magari ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa heshima ya Malkia Elizabeth wa Pili, ambaye alivikwa taji tarehe 2 Juni. Yakaitwa Coronation Safari. Magari yaligawanywa kwa madaraja ya bei, na hapakuwa na mshindi rasmi wa jumla, lakini gari lililopoteza alama chache kuliko yote lilikuwa Volkswagen ya Alan Dix. Mwaka 1954 Volkswagen ikashinda tena, ikiendeshwa na Vic Preston na D.P. Marwaha. Ikarudia mwaka 1957, na mara ya mwisho mwaka 1962 chini ya Tommy Fjastad na Bernhard Schmider.

Ukilijua bomba, ushindi huo haushangazi. Uzito wa injini ulikuwa juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo kwenye tope la mfinyanzi gari lilipata pa kushika. Hapakuwa na rejeta ya kutobolewa na jiwe. Tumbo la gari lilikuwa bapa, nyaya zote na fimbo ya gia zikiwa zimefichwa ndani ya uti wa mgongo, na gari likipakata tope lilichoweza kufanya ni kuteleza juu yake kama ngalawa.

Lakini tazama kalenda. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tangu Oktoba 1952. Mwezi Aprili 1953, wiki chache kabla ya magari kuanza kunguruma, Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Aprili 1954, mwaka wa ushindi wa pili, jeshi na polisi waliizunguka Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kambini. Mwafrika wa Nairobi hakuweza kuvuka mtaa bila karatasi, huku magari yenye namba mlangoni yakipigiwa makofi kwa kuvuka nchi tatu.

Gari lililoagizwa na dola moja kwa ajili ya taifa lake teule, likafufuliwa na jeshi la dola iliyolishinda, likashinda mashindano ya kumtukuza malkia wa dola hiyo, katika koloni lililokuwa likijaza kambi za wafungwa. Sidai kwamba kambi za Kenya na za Ujerumani zilikuwa kitu kimoja. Hazikuwa. Ninasema tu kwamba Beetle lilizipita zote mbili likiwa na fimbo ileile mgongoni, na kwamba vitabu vya magari vinaiweka habari ya kwanza kwenye utangulizi na ya pili havina habari nayo kabisa.

Katika orodha ya washindi wa miaka ile kumi hakuna jina la Mwafrika hata moja. Walikuwepo barabarani hata hivyo. Magari yaliyozama matopeni yalitolewa na watu wa vijiji vya jirani, kwa kamba, kwa matawi, kwa mabega. Mzee aliyaona mashindano hayo akiwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalipokuwa bado yanapita Tanzania. Alisimama kando ya barabara kuhesabu magari. Anakumbuka Datsun na Peugeot. Volkswagen ilikuwa imeshapitwa na wakati wake. Anachokumbuka zaidi ni kaka yake mkubwa akirudi nyumbani usiku, tope hadi shingoni, na noti mkononi.

Siku ya pili bushi mpya ilifika kwa basi kutoka Nairobi, ndani ya bahasha, pamoja na mpira wa kapulingi na bamba la rivasi. Bushi tuliipaka grisi, tukaikunja, tukaipitisha tunduni ikiwa na waya wake. Fimbo ilikuwa imesukumwa pembeni kuipisha. Nilishika tochi, mzee akaisogeza fimbo kidogokidogo kutoka upande wa kapulingi, nami nikawa namwambia kushoto, chini, bado, bado. Ilipoingia ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate. Ukiitikisa fimbo baada ya hapo, haisemi kitu.

Kikombe tulikijaza grisi mpya. Mpira wa kapulingi uliingia kwa kubanwa na koleo kubwa. Skrubu ya pembe nne ikakazwa, na mzee akapitisha waya mpya kwenye tundu lake, akausokota kulia, mizunguko minne, akaukata, akaikunja ncha ndani ili isije ikamchoma fundi atakayefuata.

Alikuwa bado ameinama alipouliza kama wale wa kiwandani walilipwa. Nilimwambia kwamba mwaka 1998, zaidi ya nusu karne baadaye, Volkswagen ilianzisha mfuko wa kuwasaidia waliofanyishwa kazi kwa lazima na waliokuwa bado hai, na mwaka 1999 ikafungua sehemu ya kumbukumbu ndani ya handaki la zamani la kujikinga na mabomu, humohumo kiwandani.

"Na wa huku? Wa Kenya?"

Nikamwambia mwaka 2013. Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 waliokuwa kambini, jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi.

Akahesabu kwa midomo, kimya, akigawanya. Kisha akafuta mikono kwa tambara lenye petroli.

"Wachache," akasema, na sikujua kama alimaanisha pauni au wazee. "Ingia mbele, mwanangu. Kanyaga klachi, tia mbili."

Gia ya Beetle hupimwa ikiwa kwenye namba mbili. Nikaitia. Akalegeza kidogo zile bolti mbili za kwenye kibao, akaangalia mstari aliouchora kwa msumari, akausogeza mkono wa gia nyuma kwa unene wa ukucha hadi ukasimama alipotaka, na kwa mkono mwingine akaanza kukaza.